Kompyuta ndogo ya gemu na video: ipime ikiwa imefungwa, ina joto, na vifaa vyote vinafanya kazi kwa pamoja

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Umejiundia mashine yenye kasha la lita 10, prosesa ya Ryzen 5 7600 na kadi ya picha ya RTX 4060. Cinebench, programu ya kupima nguvu ya prosesa, imekupa alama zinazolingana na za watu wa YouTube, lakini gemu inaanza kukatakata baada ya dakika arobaini, na video ya harusi ya saa moja na nusu inakawia kutoka kuliko ulivyotegemea. Unauliza uamini kipimo gani. Mimi nimepita humo humo na kidogo nimpoteze mteja, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa kirefu.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi na sendofu hapa Dar, na usiku nikipata nafasi nacheza gemu. Mashine yangu imo kwenye kasha la lita 18: madabodi ya Mini-ITX, ile ya sentimita 17 kwa 17, Ryzen 7 5700X, RTX 3060 ya GB 12, RAM GB 32 za DDR4, SSD ya NVMe ya TB 1, na pawa saplai ndogo ya SFX ya wati 650. Nilitaka ndogo kwa sababu naibeba. Kuna familia zinataka zikae pamoja sebuleni, zione kazi na kusahihisha kabla haijafungwa, na kasha hili linaingia kwenye begi la mgongoni nikapanda nalo bajaji.

Siku niliyomaliza kuiunda nilifanya kama ulivyofanya wewe. Ubavu wa kasha ulikuwa wazi, feni ya ukutani inazunguka, nikaendesha Cinebench R23 mzunguko mmoja. Ikanipa alama elfu 13 na ushee, ndizo za 5700X. Nikaendesha kipimo kimoja cha kadi, nacho kikapita. Nikafunga kasha, nikaliweka kwenye kabati la televisheni, nikaanza kazi.

Wiki ya tatu niliacha sendofu ya saa mbili ikirenda usiku, yaani mashine inatengeneza faili la mwisho la video, nikalala. Alfajiri nakuta mashine iko kwenye ukurasa wa kuingiza nywila na faili limeishia katikati. Nikarudia, ikajizima tena. Mteja alikuwa anaisubiri Jumapili. Nilifungua Event Viewer ya Windows, nikakuta Kernel-Power 41. Wengi wakiona maandishi hayo wanakimbilia kununua pawa saplai nyingine, na mimi nilikimbia hivyo hivyo. Maana yake ni moja tu: mashine iliwaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Haisemi nani alisababisha.

Pawa saplai mpya haikuponya kitu. Nikaanza kupima kifaa kimoja kimoja. Prosesa ikapita. Kadi ikapita. RAM niliipima kwa MemTest86 usiku kucha, ikapita bila kosa hata moja. Kila kifaa kikiwa peke yake kilikuwa kizima, na vikikutana kwenye kazi mashine inaanguka. Hapo ndipo nilipoanza kufikiria ile hewa iliyomo ndani ya kasha.

RTX 3060 inakula hadi wati 170, na karibu zote zinageuka kuwa joto. Kwenye kasha kubwa joto hilo lina mahali pa kutawanyikia. Kwenye lita 18 linapanda moja kwa moja hadi kwenye RAM na kwenye feni ya prosesa, na feni hiyo inaanza kupooza prosesa kwa hewa iliyokwisha kupata moto. MemTest86 inawaka kutoka kwenye flashi, nje ya Windows, na kadi ya picha inakuwa imepumzika. Kwa hiyo RAM yangu ilipimwa usiku mzima ikiwa ya ubaridi, hali ambayo haiipati kamwe wakati wa kurenda.

Nikabadilisha utaratibu. Niliendesha kipimo cha RAM ndani ya Windows huku kadi nayo ikiwa na mzigo, kasha limefungwa, mashine iko ndani ya lile lile kabati. Dakika ya 25 makosa yakaanza kujitokeza. Nilikuwa nimewasha XMP, mpangilio unaoiharakisha RAM, kwa kasi ya 3600. Nikaishusha hadi 3200, nikarudia kwa saa tatu, safi. Tangu siku hiyo haijajizima hata mara moja, na tofauti ya muda wa kurenda kati ya 3600 na 3200 kwenye kazi zangu sikuiona.

Sasa tuje kwako. Anza na kipimajoto cha chumba, hata kile cha bei ndogo. Watu wengi unaowaangalia mtandaoni wanapimia kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Chumba changu Februari kinagonga 31, na madirisha yako wazi. Prosesa iliyosoma 78 kwao itasoma karibu 88 kwangu na hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo andika namba mbili daima, joto la kifaa na joto la chumba, kisha linganisha tofauti yake. Ukiona tofauti yako inakaribiana na ya kwao, mpangilio wa feni zako ni mzuri na unachopambana nacho ni hali ya hewa ya Pwani.

Pia usitishwe na namba 90 peke yake. Hiyo 7600 yako imewekewa kikomo cha nyuzi 95, na 5700X yangu 90. Ikifika hapo haifi, inajipunguza kasi ili isivuke. Cha kuangalia ni kasi. Fungua HWiNFO64, programu inayosoma joto na kasi ya vifaa, iache iandike kumbukumbu kwenye faili, halafu endesha Cinebench kwa dakika thelathini badala ya mzunguko mmoja. Linganisha GHz za dakika ya pili na za dakika ya ishirini na tano. Kwangu, na kile kipoozeo kifupi nilichoanza nacho, alama zilishuka kutoka elfu 13 na ushee hadi elfu 12 na kidogo. Kasha langu lilikuwa na nafasi ya kipoozeo kirefu chenye feni ya sentimita 12, nikakifunga, na kushuka kule kukaisha. Kwenye lita 10 sidhani kama kirefu kitakuingilia. Kwako wewe ningejaribu Eco Mode, inayopunguza umeme wa prosesa, kwenye BIOS (mipangilio ya madabodi) kabla ya kununua chochote.

Baada ya hapo pima prosesa na kadi kwa pamoja. Wengi wanaruka hatua hii, na kwa mashine ndogo ndiyo yenyewe. Siongelei Prime95 na FurMark, zile programu za kubana prosesa na kadi hadi mwisho, kwa saa nzima. Mzigo huo hakuna gemu wala video itakayokupa. Mimi ninautumia dakika tano tu, kuangalia kama UPS inaubeba. Mashine yangu ilivuta wati 330 ukutani, na UPS za VA 650 nyingi zinabeba wati 360 hadi 390, kwa hiyo monita mbili zingetosha kuizidia. Kwa kipimo chenyewe tumia kazi yako halisi.

Kipimo changu ni hiki, na ninakipenda kuliko alama yoyote. Nimehifadhi kipande cha dakika kumi cha harusi moja ya kweli, picha za 4K kutoka Sony A7 III, zimepakwa rangi, zina maandishi na muziki, kila kitu kama ninavyomkabidhi mteja. Nakirenda mara tatu mfululizo bila kuipumzisha mashine, naandika dakika na sekunde. Mara ya kwanza mashine haijapata joto, mara ya tatu inalo la kutosha. Zikilingana, mpangilio uko sawa. Ya tatu ikichukua sekunde nyingi zaidi, kuna kitu kinajipunguza, na faili la HWiNFO litakuonyesha ni kipi. Kabla ya kuunda upya kabati langu, ya kwanza ilikuwa dakika 6 na sekunde 10, ya tatu 7 na 5. Niliondoa ule ubao wa nyuma wa kabati, nikasogeza mashine sentimita kumi kutoka ukutani, na ya tatu ikawa 6 na 20. Sikununua kifaa hata kimoja.

Wakati inarenda, fungua Task Manager upande wa kadi, tazama grafu ya Video Encode. Ikiwa imelala kwenye sifuri, basi kadi yako haisimbi hiyo video, yaani haiibani kuwa faili la mwisho, na huenda prosesa ndiyo inabeba kazi hiyo. Rudi kwenye mipangilio ya kutoa video, uchague NVIDIA kama kisimbaji. Kwa maelezo uliyotoa, ningeanza na hili kabla ya kitu kingine, kwa sababu 7600 ina kori 6 tu na harusi ya saa moja na nusu kwa H.265, aina ya usimbaji inayobana sana video, ni mzigo mkubwa kwake.

SSD nayo. CrystalDiskMark, programu ya kupima kasi ya SSD, ikiachwa kama ilivyo inaandika faili la GB 1, na SSD karibu zote zina eneo la haraka linaloweza kumeza hilo bila kutoa jasho. Video za A7 III kwa megabiti 100 kwa sekunde ni kama GB 45 kwa saa, na harusi yenye kamera tatu inakupa GB 300 kirahisi. Chukua folda ya GB 200, inakili kutoka SSD moja kwenda nyingine, uangalie inapoanza kulegea. Yangu ya kwanza ilienda vizuri hadi GB 110 hivi, kisha ikaporomoka hadi MB 150 kwa sekunde. Angalia na joto lake: kwenye madabodi nyingi za Mini-ITX nafasi ya pili ya M.2 iko mgongoni, hakuna upepo unaofika huko. SSD ikisogelea nyuzi 80 wakati wa kunakili, ibandike kipande cha alumini cha kupoozea kama nafasi inaruhusu.

Kuhusu gemu, achana na wastani wa fremu. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu iwe imetoka ndani ya milisekunde 16.7. Ukipata wastani wa 90 lakini kila baada ya sekunde chache fremu moja inachukua milisekunde 50, jicho lako linaona ile ya 50. CapFrameX, programu ya kurekodi muda wa kila fremu, ni ya bure, inakuonyesha asilimia moja ya fremu za chini kabisa. Cyberpunk 2077 na Forza Horizon 5 zote zina kipimo cha ndani, ni nzuri kwa kulinganisha kabla na baada ya kubadili kitu, ila ni kifupi. Tatizo lako linakuja dakika ya arobaini, kwa hiyo cheza dakika arobaini kwanza, ndipo uanze kurekodi.

Na ukirekodi, tazama vitu viwili kwa wakati mmoja: kasi ya kadi, na kiasi cha kumbukumbu yake kilichojaa. Kasi ikishuka pamoja na joto kupanda, ni hewa. Kasi ikibaki palepale huku GB 8 za 4060 zimejaa, huenda tatizo ni kumbukumbu, si joto. Shusha ubora wa tekscha (picha zinazofunika vitu ndani ya gemu) ngazi moja na uone. Haya mawili yanafanana sana ukiwa umekaa kwenye kiti unacheza, na tiba zake hazifanani kabisa.

Kama ni hewa, fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, ushushe kikomo cha umeme cha kadi. Mimi niliiweka 3060 kwenye asilimia 75. Nilipoteza fremu nne kati ya themanini na kitu, kadi ikapungua nyuzi 9, na prosesa iliyo juu yake ikapungua 5 bila kuguswa. Ukutani nikatoka wati 270 hadi 220 nikicheza. Saa nne za gemu kwa wati 270 ni uniti moja na kidogo ya umeme, kwa hiyo na kwenye LUKU nafuu ipo.

Safisha vichujio pia kabla ya kupima, maana vumbi la huku likikutana na unyevu wa bahari linaganda kama utando. Niliwahi kupima kabla na baada ya kupiga brashi kichujio cha chini: nyuzi 6.

Anza na Video Encode, kisha zile renda tatu mfululizo kasha likiwa limefungwa na mashine iko pale pale inapokaa siku zote. Ukishapata muda wa kila renda, joto la chumba na lile faili la HWiNFO, viweke hapa. Wiki hii nipo nyumbani, jioni nitavipitia.