"Would came" ina kosa gani?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi ni katibu muhtasi hapa Morogoro, juzi nilichelewa kikao kwa sababu kiliwahishwa saa nzima sikuambiwa, nikamwandikia bosi imeili ya kuomba radhi, "If I would know about the change, I would came early". Kairekebisha, "If I had known about the change, I would have come early". Sasa would si ndo wakati uliopita wa will? Na kikao kilishapita, hiyo have imetoka wapi tena, na would yangu ya kwanza kaifutia nini?

JIBU: Marahaba. Ulichofundishwa ni kweli ila kiliishia njiani. Would ni umbo la zamani la will, kama could kwa can. Ukisema "She said she would come" linafanya kazi hiyo hiyo. Ila kwenye sentensi za if Kiingereza kinalichukua umbo la zamani na kulipa kazi nyingine kabisa, kuonyesha kwamba jambo ni la kufikirika tu. Angalia "If I had a car, I would drive you home", hapo hakuna jana wala juzi, ni sasa hivi, gari sina.

Sasa ukitaka jambo la kufikirika na pia liwe limepita unakwama, maana would imeshatumika na hakuna kitu kinaitwa "woulded", halafu baada ya kina would, could na might kitenzi hakiguswi, ni come tu, came haikai hapo hata siku moja. Ndo have inaingia kubeba huo wakati uliopita, na yenyewe haibadiliki kuwa has hata kama ni she, kisha inafuatwa na umbo la tatu, go-went-gone, kwa hiyo would have gone. Upande wa if know inashuka ngazi mbili, knew kwa kufikirika sasa, had known kwa kufikirika kulikopita.

Would mbili ni Kiswahili chetu hicho. Tunasema "ningejua ningewahi", -nge- huku na huku, mtu anahamisha hivyo hivyo. Wamarekani wengi nao mdomoni wanasema "if I would have known", kwenye muvi utaisikia, ila kwenye mtihani na barua ya ofisi ni kosa. Inayokubalika upande wa if ni ile ya kuomba kwa adabu, "If you would sign here, I'll send it today".

Kwenye kundi hilo la kina would, must ndo korofi, haina umbo la zamani. "We must have walked" maana yake bila shaka tulitembea, siyo ingebidi tutembee. Hiyo ya pili ni "If the bus had broken down, we would have had to walk", ndefu lakini ndo yenyewe.

Na ukikuta "would of" mtandaoni, hata imeandikwa na Mwingereza, usiige, ni would've imeandikwa kwa masikio.

Jihadhari pia na hii, "If I had saved, I would have a house now". Kuweka akiba kulipita, nyumba ni ya leo, na have hapo ni ya kumiliki, haihusiani na zamani, kwa hiyo usiiongezee had baada yake.