Maore si Ulaya ya jirani: jibu kwa mpwa wangu wa Mtwara

Mpwa wangu, nimeusikiliza ujumbe wako zaidi ya mara moja. Unasema vijana wa Shangani wamekwambia kwamba Maore, kisiwa hiki cha Mayotte kilicho chini ya Wafaransa karibu na Komoro, ni Ulaya iliyo jirani, na kwamba mtu akishavuka maji hahitaji kitu kingine. Unataka mama yako auze shamba la mikorosho la Nanguruwe ili upate nauli ya mashua. Nimekasirika, na sioni sababu ya kukuficha. Sikukasirikii wewe, nawakasirikia wanaotuma picha za huku bila kusema walizipiga wakiwa na karatasi gani mfukoni.

Picha zenyewe ni za kweli. Mlima Choungui umechongoka hadi mita 594, Bénara unafika 660, na chini yake bahari imezungushiwa miamba ya matumbawe, maji yametulia, kasa wanakula nyasi karibu kabisa na ufukwe wa N'Gouja. Wanawake wanatembea na msindzano, liwa ya msandali, usoni, na jioni kina mama wanachoma nyama kando ya barabara na kukaanga ndizi na shelisheli. Nakipenda kisiwa hiki, na nisingependa umsikie mtu akikitukana.

Lakini kina kilomita za mraba 374 tu, na sehemu kubwa ni vilima. Barabara kubwa ni chache, zimebanwa kati ya mlima na maji, na foleni za kuingia Mamoudzou, mji mkuu, zinaanza kabla hakujapambazuka. Uwanja wa ndege uko kisiwa kidogo cha pili, Petite-Terre, na kutoka huko unavuka kwa kivuko kama tunavyovuka kwenda Msangamkuu. Sasa fikiri: askari wakisimama kivukoni na kwenye njia panda mbili tatu, mtu asiye na kibali atapitia wapi? Wapo watu hapa ambao wameishi miaka mingi chini ya Choungui na hawajawahi kuupanda, kwa sababu kila safari isiyo ya lazima ni nafasi moja zaidi ya kukamatwa na kurudishwa.

Mimi ninacho kibali, na bado karatasi ndizo zinazonikosesha usingizi. Kibali changu ni cha mwaka mmoja. Kinapokaribia kwisha naomba kingine kwa mtandao, nasubiri miadi isiyoonekana, na katika kusubiri huko natembea na risiti ya maombi. Risiti nayo ikipitwa na tarehe, msimamizi wa ujenzi ananiambia nibaki nyumbani hadi nilete nyingine, na siku hizo hazilipwi. Ukiona mwezi pesa haijafika, usidhani nimewasahau. Mdogo wako alipotoka jandoni, mjomba wake ndiye aliyepaswa kuwa mbele kumpokea. Sikuwepo, kwa kuwa ningeondoka katikati ya maombi huenda nisingeruhusiwa kuingia tena. Mama yako bado ananilaumu, na lawama hiyo naibeba kila siku.

Wanaosema kutoka hapa unapanda tu ndege kwenda Paris hawajui wanachosema. Kibali ninachoshika kinaniruhusu kuishi hapa hapa. Kwenda Ufaransa bara nahitaji ruhusa nyingine. Wala usimsikilize anayesema mkeo akijifungulia hapa mtoto anakuwa Mfaransa palepale. Tangu 2018 Maore ina masharti yake: mzazi mmoja lazima awe alikuwa na ukaaji halali kwa miezi mitatu kabla ya mtoto kuzaliwa. Mwaka 2025 sheria ilikazwa zaidi, ikataka wazazi wote wawili, kwa mwaka mzima.

Kimbunga Chido kilipopiga tarehe 14 Desemba 2024, kilifagia mabanda ya bati vilimani. Makimbilio yalikuwa yamefunguliwa, lakini watu wengi wasio na vibali hawakwenda, wakihofu kwamba ni mtego wa kuwakusanya. Walibaki ndani ya bati, katika upepo uliopita kilomita 200 kwa saa. Nataka ulielewe hilo kabla ya jambo lingine lolote: kukosa karatasi kulimfanya mtu amwogope aliyekuja kumwokoa.

Na mashua! Kutoka Nzwani, kisiwa jirani cha Komoro, hadi hapa ni takriban kilomita 70, na tangu Ufaransa ilipowawekea Wakomoro viza mwaka 1995 njia hiyo fupi imezamisha watu wasiohesabika. Kutoka Mtwara ni takriban kilomita 600 za bahari kuu. Usije, nakuomba kama mjomba wako.

Hata hivyo najua mishahara ya huko, na najua kwamba bati la nyumba ya mama yako limetokana na jasho nililolimwaga hapa, kwa hiyo sina haki ya kukwambia kwamba huku hakuna kitu. Kama moyo umeshaamua, basi chukua pasi ya kusafiria, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, vitafsiriwe, jifunze Kifaransa mwaka mzima, omba viza, na uje kwa ndege ukiwa na miadi na mtu anayekuajiri. Nitakupokea na utalala kwangu. Ukija kwa mashua pia nitakupokea, maana siwezi kumfungia mlango mtoto wa dada yangu, lakini sitatoa hata senti moja ya nauli hiyo.

Shamba haliuzwi. Ni la ukoo wa bibi yako, na katika jambo hilo neno la mjomba bado lina uzito. Mwezi huu nikilipwa nitatuma pesa ya salfa, dawa ya mikorosho. Pulizeni mapema kabla maua hayajaungua kwa ugonjwa wa ubwiri, na unitumie picha ya cheti chako cha kuzaliwa nione kama majina yamefanana na ya pasi.