Bunduki ya babu: fundi asiiguse kwanza

Mkuu, umesema marehemu babu ameacha bunduki ya kijeshi ya zamani pale Temeke, fundi anataka kuipiga msasa na vanishi ipande bei, na jirani anaapa ni ya Wajerumani. Fundi mzuie leo hii. Kwa wakusanyaji, chuma kilichochakaa na rangi yake ya kiwandani kina thamani kuliko kinachong'aa, na kilichokwisha kusuguliwa hakirudi.

Kabla ya bei kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Toa taarifa polisi, waje waione hapo ilipo. Usiipakie daladala wala kuizungusha Kariakoo kutafuta mnunuzi. Ichukulie kuwa ina risasi mpaka wao waifungue.

Sasa hilo la "ya Wajerumani". Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914, askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la ukoloni wa Wajerumani, walikuwa bado na Mauser ya 1871: risasi moja moja, mtutu wa milimita 11, baruti nyeusi yenye moshi mzito. Toleo lake la askari wa miguu lina maandishi "I.G.Mod.71" ubavu wa kushoto. Gewehr 98, Mauser mpya zaidi ya Wajerumani ya milimita 7.92, ina jina la kiwanda na mwaka juu ya chemba, pale risasi inapokaa (Spandau, Danzig, Amberg na vingine), na "Gew. 98" kushoto. Ukikuta taji, GR (herufi za Mfalme George) na "Sht.L.E." kwenye shingo ya chuma inayoshika kitako, hiyo ni Lee-Enfield ya Mwingereza, jirani aape asiape. Mauser ya Kireno ya 1904, milimita 6.5, nayo inawezekana, kwa sababu Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliteka silaha za Wareno kule Ngomano, Msumbiji, Novemba 1917.

Ukishajua aina, kazi kubwa ni namba. Kwenye Gewehr 98, namba kamili iko kwenye bodi ya chuma, mtutu na bolti (kile kipande chenye mkono unachovuta kufungua chemba). Vipande vidogo, hadi skrubu, vina tarakimu mbili za mwisho. Herufi ndogo chini ya namba usiiruke, maana kiwanda kilianza upya kuhesabu kila mwaka na kila kilipofika karibu 10,000 kiliongeza herufi. Kwenye Lee-Enfield linganisha bodi, mtutu, bolti, kilengeo cha nyuma, kofia ya mdomoni inayoshika singe, na mti wa mbele upande wa chini. Namba zote zikikubaliana, una kitu adimu. Bolti yenye namba ngeni hushusha bei, lakini ni kasoro ya kawaida: kambini bolti zilichanganywa wakati wa usafi.

Kibaya zaidi ni namba iliyogongwa upya ili ilingane. Chukua lenzi uangalie vishimo vya kutu. Kutu iliyokuja baada ya mhuri hula kingo za tarakimu. Tarakimu kali iliyokaa juu ya vishimo vya zamani imegongwa baadaye. Chuma kinachozunguka namba kikiwa kimebonyea kidogo, namba ya kwanza ilisagwa. Vishimo vyenye rangi nyeusi-buluu ndani yake vinaonyesha bunduki ilipakwa rangi upya baada ya kuliwa na kutu. Lee-Enfield yenye alama ya III na VR (herufi za Malkia Victoria) pamoja ni ya kuigiza: Victoria alikufa 1901, na toleo la tatu, Mark III, lilikuja 1907.

Mti nao unasema. Pitisha kidole pale unapokutana na chuma. Chuma kikisimama juu kuliko mti, msasa umeshapita, na mihuri ya wakaguzi kwenye kitako itakuwa imefifia. Kama mti wa mbele ulikatwa iwe ya kuwindia, hapo sehemu kubwa ya thamani imeondoka, na kuunga mti mwingine hakuirudishi. Hadithi ya ukoo kuhusu vita ya Tanga haiongezi bei bila picha au karatasi. Zitafute kwenye sanduku la babu.

Polisi wakishaikagua na kukuruhusu, ifute vumbi kwa kitambaa cha pamba kikavu, kisha mafuta mepesi ya mashine kwenye chuma pekee. Iondoe kwenye mfuko wa ngozi au turubai, maana unyevu wa pwani hukaa humo. Omba pia kupiga picha kwa mwanga wa dirishani unaotoka ubavuni, bila flashi: juu ya chemba, ubavu wa kushoto, bolti na kitako. Tarakimu mbili za mwisho za namba zifiche, halafu picha ziweke hapa tuzisome.