Besi Isikike Hadi Nyuma ya Ukumbi: Nyuzi, Amplifaya na Wapigaji wa Kujifunza Kwao

Uzi mnene kuliko yote kwenye gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Hiyo ni sauti ya chini mno, na amplifaya nyingi za mazoezi pamoja na spika nyingi za kumbi zetu haziwezi kuitoa kikamilifu. Kinachotufikia masikioni kwa sehemu kubwa ni mitetemo iliyo juu yake, ya mara 82, 123 na kuendelea, na ubongo hujaza wenyewe kile kilichokosekana. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu karibu kila ushauri nitakaoutoa, kuanzia aina ya nyuzi hadi mahali pa kuweka amplifaya, unatokana nalo. Mpiga besi anayetafuta uzito kwa kuongeza sauti za chini peke yake huishia kuvuma tu, watu wakahisi mtikisiko kifuani bila kutambua ni noti gani inayopigwa.

Ukiwa peke yako chumbani utapenda sauti iliyojaa chini na kung'aa juu, huku ya katikati ikiwa imepunguzwa. Inapendeza kweli, na ndiyo sauti ambayo wauzaji huitega ili mteja afungue pochi. Ipeleke kwenye bendi ya dansi yenye solo, ridhimu, kinanda, tumba na dramu, nayo itatoweka kabla wimbo haujafika kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezwa: kule chini tayari pamekaliwa na ngoma kubwa ya dramu, kule juu pamejaa matoazi na gitaa la solo, na pale katikati ambapo besi ingepata nafasi yake, mwenyewe umeshapafuta. Mimi huanza na kila kitu kikiwa kwenye nusu, kisha napunguza kidogo sauti za chini na kuongeza zile za kati, hasa kati ya hezi (yaani mitetemo kwa sekunde) 250 na 800. Ukiisikiliza sauti hiyo peke yake utaiona ngumu, tena ya puani kidogo. Iache hivyo hivyo. Dramu na ridhimu vikiingia, ule upuani hausikiki tena, na kinachobaki ni noti zinazotambulika moja baada ya nyingine.

Mahali pa kuweka amplifaya panastahili uangalifu kuliko wapigaji wengi wanavyodhani. Jukwaani mara nyingi tunaiweka sakafuni, mita moja nyuma yetu, ikielekea magotini, na kwa kuwa masikio hayako magotini mpigaji hujisikia hafifu, akaongeza sauti. Mpiga solo naye akaongeza. Na baada ya nyimbo tatu fundi mitambo amekata tamaa. Iinue amplifaya juu ya kreti la soda lililo imara au kiti kisichoyumba, ama uilaze kidogo ielekee usoni, na utashangaa jinsi utakavyoweza kupunguza sauti badala ya kuiongeza. Usiisukume kwenye kona. Kona ya kuta mbili na sakafu huzidisha sauti za chini, na katika ukumbi wa kuta za saruji na paa la bati, ambao ndio ukumbi wa kawaida kwetu, mvumo huo huzunguka na kurudi ukiwa umechelewa, ukazifunika noti zinazofuata. Ikumbukwe pia kwamba wimbi la ule uzi mnene lina urefu wa zaidi ya mita 8, kwa hiyo unachokisikia ukiwa umesimama jirani na spika sicho anachokisikia aliyeketi kwenye meza ya mwisho. Kabla watu hawajaingia, mwombe mwenzako akushikie gitaa apige, nawe utembee hadi mlangoni ukasikilize.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye nyuzi, ambazo kwa maoni yangu hubadilisha sauti ya besi kuliko kubadilisha gitaa lenyewe. Zipo za aina mbili kuu. Za kwanza zimezungushiwa waya wa duara, zina mikwaruzo midogo inayohisika kidoleni, hutoa sauti ya kung'aa inayodumu, na zilipata umaarufu tangu mwaka 1966, kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilipozitengeneza kwa kushirikiana na John Entwistle wa bendi ya The Who. Za pili ni nyuzi bapa, zilizozungushiwa utepe laini wa chuma. Sauti yake ni nene, fupi na tulivu, na hazina ile kelele ya vidole vinavyoteleza. Anayepiga rumba, taarabu au nyimbo za zamani za dansi atazipenda nyuzi bapa. Anayepiga injili ya siku hizi, yenye kupiga uzi kwa dole gumba na kuubetua kwa kidole, atahitaji zile za duara.

Mtu aliyenifunza zaidi kuhusu nyuzi bapa sikuwahi kumwona, wala nyinyi hamtamwona, kwa kuwa alifariki mwaka 1983. James Jamerson alikuwa mpiga besi wa studio ya Motown mjini Detroit, Marekani, na katika miaka ya 1960 besi yake ilisikika duniani kote ilhali wasikilizaji wengi hawakulijua jina lake, kwa sababu kampuni haikuwa na desturi ya kuwataja wapigaji wa studio kwenye majalada ya sahani. Tazama vifaa vyake: gitaa moja la besi aina ya Fender Precision la mwaka 1962, nyuzi bapa nene za La Bella ambazo hakuwa mtu wa kuzibadilisha, zilizoinuliwa juu ya shingo kiasi cha kuwatesa wapigaji wengine, na kipande cha sponji chini ya kifuniko cha daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, ili kuzikatiza noti zisidumu. Mkono wa kulia ulitumia kidole cha shahada peke yake, tabia aliyotoka nayo kwenye besi kubwa ya kusimama. Studioni gitaa liliingizwa moja kwa moja kwenye mikseri. Hapakuwa na kingine cha ajabu.

Ukizisikiliza zile rekodi kwa makini utaona faida ya kukatiza noti. Kila noti huanza kwa uzito, kisha hunyamaza kabla ya inayofuata, hivyo ngoma kubwa hupata mahali pa kupiga na mwimbaji hupata mahali pa kupumua, na ndiyo maana Jamerson aliweza kupiga noti nyingi, tena za kupindapinda, bila kuuchafua wimbo. Jambo hili unaweza kulijaribu leo bila gharama: kata kipande cha godoro la sponji chenye unene wa kidole, kichomeke chini ya nyuzi karibu na daraja, kigusane na nyuzi zote nne bila kuzisukuma juu. Kikibana sana, noti hufa na kubaki mlio wa ubao. Kikilegea, hakifanyi kazi. Punguza kwa wembe kidogo kidogo hadi noti idumu kama muda wa kutamka silabi moja. Carol Kaye, mpigaji mwingine mkubwa wa studio, yeye wa Los Angeles, alizikatiza nyuzi zake pia, na alipiga kwa kipande cha plastiki badala ya vidole, jambo linalopaswa kuwanyamazisha wale wanaodai kwamba besi inayopigwa kwa plastiki si besi.

Jaco Pastorius, aliyejulikana kwa upana mwaka 1976 alipotoa albamu yake ya kwanza na kujiunga na bendi ya jazi ya Weather Report, alikwenda upande wa pili kabisa. Gitaa lake la Fender Jazz la mwaka 1962 lilikuwa limeng'olewa freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa shingo, na ubao ukapakwa rangi ngumu ya mashua ili nyuzi za duara zisiule. Alitegemea zaidi pikapu (kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi) ya nyuma, iliyo karibu na daraja, na vidole vyake vilichuna huko huko. Sauti ikatoka kama mtu anayeimba. Hata hivyo nguvu yake ilikuwa pale pale nilipopataja, katikati, kwa kuwa pikapu ya nyuma huchukua sauti za chini kidogo na za kati nyingi. Jamerson na Jaco hawafanani kwa lolote, na wote wawili husikika hata kwenye redio ndogo ya betri. Anayetaka kuisikia besi isiyo na freti ndani ya muziki wa Kiafrika amtafute Bakithi Kumalo wa Soweto, hasa katika albamu ya Paul Simon iliyotoka mwaka 1986.

Hapa kwetu namwelekeza kila kijana kwa Tom Malanga, mpiga besi wa Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978. Katika rekodi zile magitaa ni machache na hayasongamani, kwa hiyo besi imewekwa mbele na inabeba sehemu ya utamu wa wimbo wenyewe, mpaka wasikilizaji huweza kuiimba kama wanavyoyaimba maneno. Chukua wimbo mmoja wao, jifunze besi yake yote, kisha uangalie mahali ambapo hakupiga. Katika rumba ya Kongo na ya kwetu pengo ni sehemu ya mtindo. Mpigaji anayelijaza kila pengo huwanyima wachezaji mahali pa kuweka mguu. Nakiri kwamba katika jambo hili nina upendeleo, na vijana wa kanisani wenye besi za nyuzi sita hawakubaliani nami.

Sasa kuhusu fedha. Kama unazo kidogo, anza na seti mpya ya nyuzi na malipo ya fundi atakayelirekebisha gitaa ulilo nalo. Nyuzi nne zilizokazwa huivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, hivyo shingo hupinda na nyuzi hupanda. Fundi mwenye kuijua ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo ataizungusha robo mzunguko, ataiacha itulie, ndipo aongeze ikihitajika. Akikuzungushia mizunguko miwili kwa mkupuo, mnyang'anye gitaa lako. Zikiongezeka fedha, nunua amplifaya yenye nguvu ya kutosha kabla ya gitaa jipya. Gitaa ndilo la mwisho, na la aina ya Precision lenye pikapu moja litakutosheleza kwa kazi nyingi kwa sababu halina namna nyingi za kuharibu sauti. La aina ya Jazz lina pikapu mbili na linakupa uchaguzi mpana zaidi, ila linamtaka mpigaji anayejua anachotafuta. Kwenye besi za nyuzi tano, uzi wa tano hushuka hadi takriban hezi 31. Kama amplifaya yako inahangaika na ile 41, uzi huo utaulipia bila kuusikia.

Ukumbi ukiwa na mikseri, usitegemee amplifaya pekee. Uwe na kisanduku chako cha DI, kinachounganisha gitaa moja kwa moja na mikseri, kwa sababu cha ukumbini mara nyingi kimekufa au waya wake unakwaruza, na mpe fundi mitambo sauti kavu isiyopitia vikorombwezo. Gitaa lako likitumia betri, chomoa waya kila unapomaliza kupiga. Katika magitaa mengi ya aina hiyo waya ukiachwa umechomekwa betri huendelea kuisha usiku kucha, nalo litakukatikia katikati ya ibada.

Anayeishi pwani anajua chumvi ya hewani inavyokula chuma. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, chini na juu, kwa kuwa kutu huanzia upande usiouona. Nyuzi za duara zilizochoka huweza kuchemshwa katika maji kwa dakika chache zikatoa jasho na uchafu uliojikusanya, na mng'ao hurudi kwa siku kadhaa. Zikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha, na usizichemshe nyuzi bapa, kwani uzee wake ndio utamu wake. Ukinunua gitaa la mtumba, lishike kama unayelenga bunduki, uangalie shingo kutoka kwenye daraja hadi kichwani kama imepinda upande mmoja. Piga kila uzi kwenye kila freti ukisikiliza mlio wa kukwaruza. Kisha washa amplifaya, zungusha vidhibiti vyote taratibu na utikise waya pale unapochomekwa: sauti ikikatika ovyo, mara nyingi ni tundu tu, kazi ya fundi wa solda, nawe una sababu nzuri ya kuomba punguzo.