RTX 3060 kwenye Dell OptiPlex 7010, pawa saplai ile ile?
Mkuu, kuuliza kama hiyo OptiPlex 7010 yako, ile tawa (kesi kubwa ya kusimama), itabeba RTX 3060, kadi ya picha ya Nvidia, bila kugusa pawa saplai iliyokuja nayo, jibu ni hapana. 3060 peke yake inakula mpaka wati 170, Nvidia wenyewe wanashauri saplai ya wati 550, yako ni ya 275 tena ya enzi za 2012 huko, halafu hata waya wa kuchomeka kwenye kadi haina. Na usije ukauziwa zile adapta za kutoka SATA (waya wa umeme wa diski) kwenda pini nane za kadi, SATA inabeba kama wati 54 tu kwenye volti 12, hapo plastiki inayeyuka mdogo mdogo we unadhani gemu ndo linakwama.

Kama hela ni ya kadi tu, tafuta GTX 1650 isiyo na tundu la umeme ubavuni, hiyo inajitosheleza na wati 75 za sloti ya ubao mama inapochomekwa, GTA V inaenda fresh kabisa. Kagua kabla hujalipa maana kuna 1650 zingine zina pini sita, hizo achana nazo.

Ukiing'ang'ania 3060 basi anza na saplai, tawa hiyo inakubali ATX ya kawaida (saizi ya saplai za kompyuta nyingi za mezani), ila ile ya bei chee iliyoandikwa wati 600 ukiinyanyua nyepesi kama boksi tupu, rudisha mezani.