Ufa unaofuata waya, usiuzibe kwa plasta
Ukiona ufa kwenye boriti, kabla ya kupima upana wake tazama unaelekea wapi. Ufa unaopanda kutoka chini, katikati ya boriti, mara nyingi ni wa mzigo. Unaolala kwa urefu wa boriti, karibu na ukingo wa chini, ukifuata chuma kilicho ndani, uhesabu kuwa ni wa kutu mpaka ithibitike vinginevyo. Nakagua majengo ya ufukweni Dar es Salaam, na huo wa pili ndio unaoninyima usingizi.

Chumvi ya bahari, au ya mchanga wa pwani usiooshwa, ikikifikia chuma, kutu huanza. Kutu hiyo huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, ikalisukuma zege kutoka ndani na kulivuta lipasuke. Zege huvumilia kubanwa, ila kwa kuvutwa nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu, kwa hiyo hupasuka.

Boriti ya nondo za kawaida huonyesha dalili mapema. Yenye nyaya zilizokazwa, yaani nyaya za chuma (si za umeme) zilizovutwa ndani ya zege ili kulibana, ni ya kuogopwa zaidi: nyaya ni nyembamba na zimevutwa mno muda wote, hata jengo likiwa tupu. Kishimo kidogo cha kutu kinaweza kuukata waya. Daraja la Ynys-y-Gwas kule Wales lilianguka mwaka 1985 kwa kutu ya nyaya, bila onyo.

Siku hizi zege huchanganywa na nyuzi za chuma au plastiki. Nazipenda kwa dhati, maana hushona ufa ukabaki mwembamba, na vipande haviwaangukii watu. Lakini waya ulio ndani bado unaweza kuliwa. Kwenye boriti ya namna hii, ufa mwembamba usikutulize. Madoa ya kahawia yaliyotawanyika huku na huku kwa kawaida ni ncha za nyuzi za chuma zilizo juu juu, hayana neno. Mstari wa kahawia unaotoka ndani ya ufa ni habari nyingine kabisa.

Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe. Gonga taratibu kwa nyundo ndogo. Zege likilia kama lina uwazi ndani, limeshaachana. Mwite mhandisi, mwombe apime chumvi kwenye unga wa zege. Na fundi wa umeme asitoboe boriti hiyo kutundika feni mpaka nyaya zijulikane zilipopita.