Kwa wanaoanza kuwahudumia askari walioachishwa kazi kwa sababu za kiafya

Wenzangu mlioajiriwa juzi, nimepitia mafaili yenu, na karibu katika kila moja nimekuta mpango wa biashara umetangulia ripoti ya daktari. Kosa hili ni la zamani, na anayelilipia ni askari wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) tuliyeajiriwa kumhudumia.

1. Anzeni akiwa bado kambini. Siku anapotoka, hupoteza kwa mpigo nyumba, wenzake wa kikosi na ratiba iliyomwongoza tangu alipokuwa kuruta kule Eldoret. Mhimizeni aondoke na nakala ya kila karatasi ya matibabu, na mwiteni kwa cheo chake mpaka yeye mwenyewe awaambie vinginevyo.

2. Hati ya kuachishwa kazi si kadi ya ulemavu. Ni lazima afanyiwe tathmini katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Bila usajili huo hawezi kuomba msamaha wa kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Sheria ya Maveterani wa Kijeshi ya mwaka 2022 isomeni yote.

3. Kiinua mgongo kisiguswe kwa haraka. Koplo mmoja alipoteza mguu chini ya goti kwa bomu lililotegwa ardhini nchini Somalia, na ofisi niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo ikamharakisha kufungua duka la vifaa vya ujenzi. Kigutu hupungua unene katika mwaka wa kwanza, na mguu bandia uliomkaa vizuri hospitalini huanza kulegea na kuchubua ngozi. Aliongeza soksi juu ya soksi, lakini ikifika adhuhuri alilazimika kuketi juu ya mfuko wa saruji, auvue mguu na kupangusa damu huku wateja wakimkodolea macho. Mkewe alikuwa ameuza nafaka katika soko hilohilo kwa miaka mingi, naye angeweza kutuambia kwamba duka la aina hiyo linataka mtu wa kupanda ngazi na kubeba mizigo kutwa nzima; hakuna aliyemuuliza. Duka lilifungwa kabla ya mwaka kwisha, bidhaa zikauzwa kwa hasara, na afisa mmoja akaandika kwenye faili kwamba mhusika hakuwa na bidii. Maneno hayo yananiuma hadi leo, kwa kuwa mtu huyo alisimamia kidonda kibichi kila siku ili asituangushe sisi tuliompangia. Kwa hiyo fedha zikae benki mpaka kigutu kitulie, na mke awepo tangu kikao cha kwanza.

4. Msimuulize habari za mashambulizi ya Al-Shabaab kwenye kambi za KDF nchini Somalia, El Adde ya Januari 2016 wala Kulbiyow ya Januari 2017, kwani hata ambaye hakuwepo huenda ana rafiki aliyezikwa. Mwulizeni analalaje. Akisema kwamba hulala kwenye kiti sebuleni ili asije akampiga mkewe usingizini, mtafutieni mshauri nasaha anayeyajua maisha ya kambini siku hiyohiyo, na mmoja wenu amsindikize hadi mlangoni, kwa maana aliyezoea kutii amri atawaitikia kwa heshima kwamba atakwenda, kisha hataenda.